Jino la Shaba

Matanga ya Mjomba Maganga yalikaliwa sebuleni kwake, Thornton Heath, kusini mwa London, na Mzee Kondo alikuja kufanya kazi yake ya utani. Alitoka Kilburn kwa treni na mabasi mawili, na miguu yake hiyo iliyovimba, kwa sababu Mzaramo kukosa msiba wa mtani wake Mnyamwezi ni aibu isiyosemeka. Hakutoa pole kwa mtu. Aliingia na viatu mpaka kwenye zulia, akalitungua koti la kazi la marehemu lililokuwa bado nyuma ya mlango, lile la udereva wa basi, akalivaa, akajitupa kwenye kiti ambacho kwa zaidi ya miaka ishirini hakukikalia mtu isipokuwa mwenyewe. Halafu akanyoosha fimbo yake kuelekea picha ya harusi ukutani, akafumba jicho la kushoto, akaukunja mdomo vilevile kama Mjomba alivyokuwa akiukunja, akalenga, akalenga, mpaka sebule nzima ikanyamaza. Ncha ya fimbo ilikwenda kugota kwenye swichi ya taa, mkono mzima kushoto kwa picha. "Nimekosa tena," akasema kwa sauti ya Mjomba. "Zena, mama, hebu leta tupa." Watu wakaangua kicheko. Mama Rukia, mjane mwenyewe, alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mimi nilichukua sinia la vikombe ambavyo havikuwa hata vichafu, nikaenda nalo jikoni.

Zena ndiye mimi. Na katika watu wote waliojaa mle ndani, ni mimi na Mzee Kondo tu tuliojua kwa nini fimbo ilikwenda kushoto na si kulia. Wengine walidhani anamcheka mzee aliyezeeka vibaya, basi. Nilisimama mbele ya sinki nikafungua maji bila kuosha kitu, nikaangalia kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, ambacho siku hizi kimejaa baiskeli za wajukuu, na nikajikuta nimerudi mwaka mmoja ambao kwa miaka yote hii nimekuwa nikiukwepa kama mtu anavyokwepa mtaa alikowahi kuumbuliwa.

Mwaka wenyewe ni tisini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina cheti cha shule ya ufundi, fundi wa kuchonga vyuma, cheti ambacho hapa London hakuna mtu aliyetaka hata kukikunjua. Asubuhi nilikuwa nikiwaogesha vikongwe wa Kiingereza katika nyumba ya kutunzia wazee, mchana nikisoma uuguzi. Mjomba alinipokea uwanja wa ndege Januari, akaona nimevaa kigauni cha sherehe na sweta la kuazima, akavua koti lake la kazi pale pale akanivika mimi, yeye akatembea na shati mpaka kituoni. Chumba walichonipa kilikuwa juu ya ngazi, kidogo hivi kwamba nikifungua mlango unagonga kitanda. Chumbani humo mlikuwa na cherehani ya Mama Rukia, mifuko ya unga wa sembe, na kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti nne. Funguo yake Mjomba alikuwa akitembea nayo shingoni. Ndani ya kabati mlikuwa na bastola, kwa hiyo mwaka ule mzima nililala na bastola miguuni, na kusema kweli sikuwahi kuiogopa kama nilivyokuja kuogopa mambo mengine.

Haikuwa bastola ya kale. Ilitengenezwa Italia miaka ya karibuni kwa kuiga zile za zamani za kushindilia baruti kwa mkono. Serikali ilikuwa imezikataza bastola za kisasa mwaka uliotangulia, wenzake wa klabu wakazipeleka zao polisi wakiwa kama wafiwa, zikabaki hizi tu. Mjomba hakuhuzunika hata kidogo. Baba yake alikuwa fundi wa magobori huko kwetu Tabora, na harufu ya baruti nyeusi, ile harufu ya yai viza, ndiyo kwake ilikuwa nyumbani. Ina duara la matundu sita linalozunguka, na kila tundu unalilisha peke yake: baruti, golori ya risasi, grisi juu yake ili moto usirukie matundu mengine, na fataki ya kuwashia nyuma. Akipiga, moshi ulimfunika wote, halafu anatokeza ndani yake anatabasamu. Wiki nzima aliendesha basi, watu wanapanda wanashuka bila kumtazama usoni. Jumapili mbili za kila mwezi alikuwa anakwenda kwenye klabu yao, nje ya mji upande wa Kent, katika shimo la zamani la kuchimbia chokaa, na pale Waingereza wazee walimwita kwa jina lake.

Shida ya ile bastola, tangu ilipotoka dukani, ni kwamba ilikuwa inapiga juu. Si kidogo, kiganja kizima. Kulenga kwake ni jambo jepesi kulieleza. Juu ya bastola, upande wa nyuma, kuna mfereji mdogo. Mbele, kwenye mdomo wa mtutu, kumesimama kijipande cha chuma. Mjomba aliuita ule mfereji pengo na kile kijipande jino. Unaliweka jino katikati ya pengo, mwanga wa kushoto na mwanga wa kulia iwe sawasawa, kichwa cha jino kilingane na mabega ya pengo, unabana pumzi, unavuta. Sasa jino la kiwandani lilikuwa fupi, na jino likiwa fupi mdomo wa mtutu unainuka, risasi zinakwenda juu. Mjomba alikuwa amehangaika nalo mwaka mzima, analenga miguuni mwa karatasi ili apige tumboni. Nilipomwambia mezani, tunakula ugali na dagaa, kwamba hilo ni jambo la tupa na jiliwa la kubania chuma tu, aliacha tonge hewani akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Kuanzia siku hiyo sikuitwa Zena tena mle ndani. Niliitwa Fundi.

Jino jipya nililikata kwenye kitasa kibovu cha shaba. Nililichonga pale kibandani, Mjomba amekaa juu ya ndoo pembeni, ananisimulia mambo ya abiria. Nililiacha refu makusudi, nikalipachika kwenye mfereji wake juu ya mtutu, likabana barabara, halafu Jumapili tukaenda nalo klabuni. Anapiga sita, tunakwenda kutazama karatasi, nampunguzia jino kidogo kwa tupa, unene wa unywele tu, anapiga tena sita. Shaba ikipungua, risasi zinapanda. Mara ya tano matundu yote sita yalikaa katikati, ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Ron, mzee aliyekuwa akisimamia usalama pale, mrefu, mwenye masharubu ya njano kwa tumbaku, alikuja akanishika mkono kama mwanaume mwenzake. Nilichukua sindano nikakwaruza mstari mmoja mwembamba uliopita kwenye jino na kwenye mtutu kwa pamoja, ili likihama siku yoyote mistari iachane na tujue. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa shuleni. Ilikuwa Aprili, na sidhani kama nimewahi kujiona mtu katika nchi hii kama nilivyojiona siku ile.

Juni matundu yakaanza kwenda kushoto. Mjomba alirudi kwenye mstari na karatasi yake, akanipa. Yalikuwa yamekusanyana vizuri, mkono wake haukuwa na kosa, ila yote yamehamia kushoto, vidole viwili. "Jino limelegea," akasema. Nikaitazama ile alama yangu. Mstari wa kwenye jino na mstari wa kwenye mtutu ilikuwa imekutana vilevile, kama nilivyoiacha. Jino halikuhama. Nilifungua mdomo niseme, Mjomba akawa tayari ananinyooshea nyundo ya mbao. "Lisogeze kushoto kidogo, Fundi." Ndiyo sheria yake: jino la mbele unalisogeza kulifuata kosa. Nikasema, "Haya, Mjomba," nikaligonga kwa kijiti cha mti mgumu, nikakwaruza alama mpya, na matundu yakarudi katikati.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema siku ile. Jibu ninalo na halinisaidii. Kwetu mjomba si mtu wa kumwambia kasoro ya mwili wake. Unaweza kumwambia kiatu kimechakaa, huwezi kumwambia mguu umepinda. Binti wa miaka ishirini na nne, anayekula kwake, anayelala kwake, aliyevikwa koti lake, asimame mbele ya wazee wa Kizungu amwambie jicho lako lina walakini? Ulimi ulikuwa haujui hata uanzie wapi. Na kulikuwa na tupa mkononi, na nyundo, na jambo la kufanya. Fundi akiwa na kitu cha kurekebisha mbele yake hatazami pembeni. Nikajiambia labda mtutu wenyewe ndio unapinda, labda baruti ya kopo jipya, nikajiambia mengi tu.

Nyumbani nako dalili hazikukosekana, kama ningetaka kuzihesabu. Alikuwa akijigonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mlango aliopita kwa miaka kumi na mitano. Siku moja alimimina chai nje ya kikombe, akamgombeza Rukia, binti yake, kwa kukiweka mahali pabaya, na mtoto akamjibu kwa Kiingereza kwamba kikombe hakijasogea. Jumapili moja mchana nilikuwa kwenye ukumbi mwembamba nje ya jikoni napiga pasi shati zake za kazi. Wao walikuwa ndani wanakunja sambusa, mlango umerudishwa nusu. Nikamsikia Mama Rukia anasema polepole, ile sauti ya mtu aliyeanza mazungumzo haya mara nyingi, kwamba aende akapimwe macho, kwamba jana ameparaza kioo cha basi kwenye nguzo ya gereji na mwenzake ndiye aliyemfichia. Mjomba akasema akienda wataandika, wakiandika karatasi inakwenda gereji, na karatasi ikifika gereji hakuna dereva. Aachwe mpaka Oktoba ipite, mashindano ya klabu yaishe, halafu Januari si kuna kipimo cha leseni, watapima wenyewe. "Halafu macho hayana kitu," akasema. "Ni ile bastola. Muulize Zena. Fundi ameona mwenyewe, jino ndilo lililohama."

Pasi ikaanza kunuka kitambaa, nikainyanyua. Mama Rukia akatoka na mikono yake ina unga wa ngano mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele yangu, macho yake hayakuwa ya kuuliza, yalikuwa ya kuomba. Hata leo sijui alikuwa ananiomba jibu gani. "Eti, Zena," akasema, "ni kweli ni ile bastola?" Nilimwona Mjomba nyuma yake kwenye uwazi wa mlango, amekaa, ameshika duara la sambusa mkononi, amegeuza kichwa kidogo upande ili anione, kama kuku anavyotazama. Nikasema, "Ni kweli, Mama. Hizi za kuigiza huwa zinalegea." Akashusha pumzi, akarudi kukunja sambusa, na tulizila jioni ile na chatine ya nazi.

Agosti nilisogeza jino mara ya pili. Septemba mara ya tatu, na mara hii kwa mbali hata asiyejua angeona kwamba limekaa upande, kama kofia ya mlevi. Mimi siku hizo nilikuwa sipati usingizi sawasawa. Kila nikipanda basi kwenda kazini nilikuwa natazama mgongo wa dereva, nawatazama abiria wanasinzia, mama na kigari cha mtoto, mwanafunzi na tarumbeta lake, watu wasiojua kitu, nikawaza wengine kama hao wamekaa nyuma ya Mjomba wangu saa hiyo hiyo, na upande wake wa kulia una shimo. Nikirudi jioni nilikuwa nasikiliza kwanza nyumba kabla ya kuingia, kama kuna kilio. Kisha namkuta amekaa, ananiuliza, "Fundi, umekula?" na maneno yote niliyoyapanga njiani yanayeyuka. Kazini nilikuwa nachukuliwa kama mtu mwenye akili. Nyumbani kwa Mjomba nilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo ni "Haya."

Oktoba akashinda. Kikombe cha klabu, alichokikosa miaka sita mfululizo, akakichukua kwa matundu kumi na matatu ambayo mtu mwenye macho mazima angeyaonea wivu. Walimpigia makofi, wakamnunulia chai na keki, akawa anacheka huku ameshika kikombe kwa mikono miwili. Wakati huo Ron aliniomba, kwa heshima, kama angeweza kuijaribu bastola iliyoshinda. Mjomba akaijaza mwenyewe, akampa. Ron akapiga sita taratibu. Tulikwenda wawili kutazama karatasi, na matundu yake yalikuwa kulia, kiganja kizima kulia, yamekusanyana kama mayai kwenye kiota. Ron aliitazama karatasi, akalitazama jino, akanitazama mimi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema bastola hii imerekebishwa kwa mtu asiyeona mwanga wa upande wa kulia, anaona mwanga wa kushoto tu, kwa hiyo analisukuma jino kushoto kuutafuta ule mwanga ambao haupo. Akaniuliza kama mwenyewe anajua. Nikasema nitamwambia. Alinitwika karatasi ile, nikaikunja mara nne nikaitia kwenye sidiria.

Wiki nzima nilizunguka nayo. Jumamosi nikapanda treni mpaka Kilburn kwa Mzee Kondo, chumba chake kilichokuwa juu ya duka la mazulia, jiko na kitanda vinatazamana, na sufuria yake ya maharage ya nazi haikosi juu ya moto. Niliitandaza karatasi mezani, nikamweleza kila kitu. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili nikaona ndiyo njia pekee: mimi siwezi, Mama Rukia hataki, lakini mtani ana ruhusa. Mtani anaweza kumwambia mtu mzima chochote, mbele ya yeyote, na mtu mzima hana haki ya kukasirika. Mzee Kondo alisikiliza mpaka mwisho, akaacha kutania kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanipakulia maharage, akasema mwachie yeye. Nikarudi nyumbani nimepata nafuu hata nikasinzia kwenye treni.

Sherehe ya kikombe ikapikwa pilau, sebule ile ile, watu ishirini. Kikombe kimewekwa juu ya televisheni. Katikati ya chakula Mzee Kondo akasimama na sahani yake. "Nyie mnamshangilia kipofu," akasema. "Huyu mpagazi wenu haoni. Huyu mtoto Zena amelipindua jino la bastola ili limfuate jicho lake bovu. Mpelekeni hospitali kabla hajalipeleka basi mtoni." Alisema yote, neno kwa neno, hakuacha hata moja. Na sebule nzima ikavunjika mbavu. Mjomba ndiye aliyecheka kuliko wote, akapiga goti kwa kiganja, akasema Mzaramo ana wivu, kwao kikombe wanakijua cha kunywea tembo tu. Wakacheka tena. Mzee Kondo akasema, "Nasema kweli," na hiyo nayo ikachekwa. Akanitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu, kila mtu aligeuka amwone Fundi anasemaje, na maneno matatu tu yangetosha, "Ni kweli, Mjomba." Nikacheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, kirefu, cha aibu, na nikaendelea nacho mpaka mazungumzo yakahamia kwenye kitu kingine.

Hilo ndilo kosa letu, na sidhani watu wengine wangelifanya kwa namna hiyo. Ukweli ulipita mlango uliowekwa tayari kwa ajili yake, na ulipopita mlango huo hakuna aliyeruhusiwa kuuamini. Mwingereza angesema tu, kama Ron alivyosema, hapo hapo, ameshika karatasi. Sisi tulifuata adabu kila hatua mpaka tukamaliza.

Januari kipimo cha leseni kilimchukua dakika kumi. Wakampeleka hospitali siku hiyo hiyo, nami nikatoka kazini nikawakuta, yeye na Mama Rukia, kwenye viti vya plastiki. Presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha karibu lote, la kushoto limeanza. Daktari, msichana wa rika langu, alieleza kwamba dawa ya matone itayalinda yaliyobaki, lakini kilichokufa hakirudi, na akauliza kwa nini hawakuja mapema, angeletwa wakati wa kiangazi hali ingekuwa nyingine. Mama Rukia akajibu kwamba walidhani ni bastola. Daktari alidhani hajamsikia vizuri, akauliza tena. Mjomba alitazama mbele, mikono juu ya magoti, akasema tu, "Tangu Juni," kwa Kiswahili, ambacho daktari hakukijua.

Mzee Kondo alinifuata jikoni siku ile ya matanga, bado na koti la marehemu. Alifunga bomba la maji nililokuwa nimelisahau. Akaniuliza kama niliwahi kumwambia Mjomba, baadaye, katika miaka yote hiyo ishirini na zaidi aliyokaa kwenye kile kiti akiitazama dunia kupitia tundu. Nikasema sijamwambia. "Mimi nilimwambia," akasema. "Mbele ya watu ishirini."

"Uliwachekesha, Babu."

"Utani ndiyo ruhusa niliyopewa. Wewe ulikuwa na karatasi." Hakusema kwa hasira. Alivua koti, akalikunja, akaniwekea mikononi, akarudi sebuleni kuendelea kuchekesha wafiwa, maana kazi yake ilikuwa haijaisha.

Sikumweleza kuhusu siku ya mwisho. Ilikuwa Februari. Leseni ya udereva ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na ya bastola Mjomba aliamua kuirudisha mwenyewe kabla hajaombwa. Ron angekuja jioni kuichukua bastola yenyewe. Mjomba aliniita kibandani, amekaa juu ya ndoo yake, bastola iko kwenye jiliwa imefungwa kwa kitambaa. Alitaka jino lirudishwe katikati, asimpe mwenzake kitu kilichopinda. Kabla sijashika nyundo, alinyoosha mkono, akapapasa mtutu mpaka akafika kwenye jino, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye zile alama zangu, moja, mbili, tatu, nne, akirudi tena mwanzo kama mtu anayesoma.

"Hii ni ya Aprili," akasema. "Hizi tatu?"

"Za kusogeza, Mjomba."

"Na kabla hujasogeza, alama zilikuwa zimeachana?"

Baridi ilikuwa kali, nakumbuka pumzi zetu zilikuwa zinaonekana. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na mtani wala Mzungu wala Mama Rukia, mlango umefungwa, na mwenye jicho ndiye anayeuliza.

"Ulijua?" akasema.

"Sikujua, Mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, akaondoa mkono kwenye bastola akaurudisha kwenye goti. "Nilimwambia Mama Rukia hivyo hivyo," akasema. "Zena angejua angeniambia."

Nikaweka kijiti ubavuni mwa jino, nikagonga. Akaniambia nigonge taratibu, nisije nikapita alama.